Utangulizi: Kuchora Jengo Tangu Chini

Wengi wanaoanza somo hili la kutafuta sanaa ndani ya majengo hudhani makumbusho ni kasha tu, na cha kuchorwa ni kile kilichomo ndani. Wakifika Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert jijini Dar es Salaam, hulikimbilia fuvu la zamadamu Zinjanthropus, lile lililofukuliwa Olduvai mwaka 1959. Sisi tunaanza na kasha. Jengo la zamani la makumbusho hayo lilifunguliwa mwaka 1940, kwa kumbukumbu ya Mfalme George V wa Uingereza, lakini limejengwa kwa mtindo wa Kiarabu, wenye matao na kuba. Kwa nini mtawala wa Kiingereza alitaka kumbukumbu ya mfalme wake ivalishwe kanzu? Ukilichora ukiwa na swali hilo kichwani, mkono wako hautapita juu ya tao kama mtu anayenakili.

Halafu funga daftari, tembea. Pita Mnazi Mmoja, ingia Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, wa Vita Kuu ya Kwanza. Hapo lipo jengo ambalo kwangu ndilo mwalimu mkuu wa fani hii jijini, ingawa ndani yake ziliuzwa nyanya na mbegu: Soko Kuu lililosanifiwa na Mtanzania Beda Amuli, aliyesomea Haifa, Israel, na kufunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni safu za miavuli ya zege iliyopinduliwa, kila mmoja ukisimama juu ya nguzo yake. Mimi huona humo miti ya gulio, ile ambayo watu walipanga bidhaa chini yake kabla ya kuwapo soko la kuta.

Mwanafunzi wangu mmoja alikaa pale nusu siku na penseli. Miavuli yake ilitoka mizuri, ila ilielea, kama imebandikwa hewani. Mama muuza mchicha aliyekuwa akimtazama akamweleza kwamba miavuli ile haifukuzi mvua, inainywa. Ndivyo ilivyosanifiwa: umbo la faneli hukusanya maji ya mvua na kuyateremsha hadi kwenye matangi yaliyo chini ya ardhi. Uzuri wa paa lile umezaliwa na kazi hiyo ya maji, na asiyeijua kazi hatalipata umbo.

Julai 2021 moto uliliunguza soko hilo. Nilihuzunika kama niliyefiwa, na tangu hapo nawahimiza wanafunzi wachore mapema, wasingoje jengo liwe historia.

Na yule mwanafunzi, baada ya maneno ya mama wa mchicha, alifuta ukurasa mzima. Akaanza upya chini kabisa, sakafuni, mahali maji yanapokwenda, akaipandisha nguzo polepole hadi ikafunguka juu.