Majina Nyuma ya Picha

Picha ni kitu cha ajabu. Karatasi isiyozidi kiganja, aghalabu imeliwa na mende pembeni na kugeuka manjano kwa hewa ya chumvi, yaweza kumnyamazisha mtu mzima katikati ya maneno yake. Katika nyumba nyingi za pwani yetu, tangu Kilwa Kivinje hata Mchinga na Lindi, picha za namna hiyo zimo sandukuni, chini ya nguo za sikukuu, pamoja na stakabadhi za kodi na vyeti vya ndoa. Hutolewa kwa nadra: mtu akifariki, au mgeni akija kutoka mbali. Na kila zinapotolewa, wale wawezao kusema huyu ni fulani na yule ni fulani wamezidi kupungua.

Mimi ninayo moja. Ilipigwa Lindi mwaka 1964, karibu na gati, na mpiga picha aliyekuwa akipita na kamera yake siku za mwisho wa mwezi, maana alijua kwamba ndizo siku ambazo wafanyakazi wana fedha. Tumo saba. Tulikuwa makuli wa bandari (neno hilo halikutupendeza, walakini ndilo lililotumika), na kazi yetu ilikuwa kupakia marobota ya mkonge katika matishari, kisha kuyapandisha melini, kwa kuwa meli kubwa zilitia nanga mbali. Mtwara palikuwa na bandari ya maji marefu tangu mwaka 1954, nasi tuliiona kazi yetu ikihamia huko kidogo kidogo, kama maji yanavyokupwa.

Wa kwanza kushoto, yule aliyeshika kiuno, alikuwa mtu wa Kilwa Kivinje. Yeye aliimba, sisi tukaitikia, na robota likapanda. Siku asipokuja kazini robota lile lile lilikuwa zito zaidi. Yeyote aliyepata kufanya kazi ya mikono pamoja na wenzake atanielewa. Bei ya mkonge ilipoanguka alikwenda Dar es Salaam kutafuta riziki. Alituletea barua mbili. Ya tatu iliandikwa na mwanawe.

Anayemfuata alikuwa mkimya. Kabla ya kuja Lindi alipata kibarua Kilwa Kisiwani, katika uchimbaji wa magofu ulioongozwa na Neville Chittick, akatusimulia kwamba vigae vya vyombo kutoka China vilitoka ardhini viking'aa kana kwamba vimeoshwa jana. Tulimcheka. Yeye hakubisha, akaendelea kula muhogo wake. Wa nne ndiye aliyenikopesha shilingi 40 nilipotaka kuoa. Alifariki kabla sijazimaliza, na zilizosalia nilimpelekea mjane wake, naye alizipokea huku akilia.

Kati ya saba tumebaki wawili, mimi na huyu aliyechuchumaa mbele. Macho yake hayaoni tena. Nikimtembelea huishika picha kwa vidole, akaniuliza nani yuko wapi, nami nikamwonyesha kwa kuupeleka mkono wake. Ndipo huwataja wote, kila mtu kwa jina lake, jina la baba yake na kijiji alichotoka. Hakosi hata mmoja.

Jambo hili la majina hunipeleka katika picha nyingine za kwetu, mashuhuri kuliko hii, nazo ni picha za Tendaguru. Kilima cha Tendaguru kiko kaskazini-magharibi ya Lindi, mwendo wa siku nne hivi kwa mtu aliyebeba mzigo. Kuanzia mwaka 1909 hata 1913 wataalamu wa makumbusho ya Berlin, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig na baadaye Hans Reck, walichimba huko mifupa ya mijusi mikubwa ya kale iitwayo dinosaria. Lakini jembe na sururu havikushikwa na wataalamu hao. Walishika watu wetu, ambao katika mwaka mmoja idadi yao ilifika karibu 500, na hiyo ilikuwa miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji, vijiji vikiwa bado vina majivu na njaa. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa vichwani na mabegani hata bandari ya Lindi. Mwaka 1937 kiunzi kikubwa kilisimamishwa Berlin, na hata leo kinasimama, kimo chake zaidi ya mita 13.

Tazama picha hizo. Wanaume wamesimama shimoni kando ya mbavu zilizo ndefu kuliko wao. Wachukuzi wamejipanga na mizigo yao. Bila shaka miongoni mwao walikuwamo waliogawana tumbaku na maji ya kibuyu, na mwimbaji mmoja ambaye pasipo yeye mzigo ulikuwa mzito zaidi. Majina machache yamesalia. Boheti bin Amrani, msimamizi wa kazi, alikumbukwa na mwanasayansi aliyeupa mjusi mmoja jina la Australodocus bohetii mwaka 2007. Mohammadi Keranje naye alipata heshima hiyo mwaka 2019, na mjusi wake, Wamweracaudia keranjei, unabeba pia jina la Wamwera. Hiyo ni haki iliyochelewa karibu miaka 100, nasi twaipokea. Na wale mamia wengine?

Juu ya mifupa yenyewe, kama irudi nyumbani au ibaki huko, watu wamebishana sana hapa nchini, hata Bungeni, na sitaki kuingia katika ugomvi huo leo. Kwa kuanzia ningependa nakala za picha zile zipelekwe Mipingo na vijiji vya jirani, ziwekwe juu ya meza chini ya mwembe, na wazee waitwe. Wapo waliosikia kwa babu zao nani alibeba nini. Paji la uso hurithiwa, na hata namna ya kusimama hurithiwa. Huenda mzee mmoja akaisogeza picha machoni, akaitazama kwa muda, akamwita mjukuu wake aje na penseli.