Herekali wa Utendi na Heraclius wa Tarikhi

Kila mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili alijua jina la Herekali. Ndilo lililo katika anwani ya Chuo cha Herekali, kiitwacho pia Utendi wa Tambuka, alichokitunga Mwengo wa Athumani huko Pate. Muswada wake mmoja una tarehe ya mwaka 1141 wa Hijra, yaani 1728, nao ni miongoni mwa miswada ya kale kabisa ya Kiswahili ijulikanayo. Lakini wasomaji wengi wamjua mfalme huyu kuwa adui tu. Makala haya yakusudia kueleza Heraclius wa tarikhi alikuwa mtu gani, na jinsi mambo ya nyumbani mwake yalivyoingia katika mambo ya dola.

Tuanze na jina. Kwa Kiyunani ni Herakleios, nalo latokana na jina la shujaa Herakles. Waarabu waliondoa mwisho wa Kiyunani, wakasema Hiraql. Waswahili nao wakatia irabu baina ya konsonanti mbili za mwisho, na nyingine mwishoni mwa neno, kama ambavyo aql imekuwa akili na asl imekuwa asili. Umbo hili lenyewe ni ushahidi kwamba jina lilipitia Uarabuni. Lau lingalitoka Uyunani moja kwa moja, halingalikosa alama ya mwisho wake wa asili. Kadhalika utendi wasema kweli unapowaita watu wake Warumi. Ndivyo walivyojiita wenyewe, ijapokuwa lugha yao kubwa ilikuwa Kiyunani. Jina la Bizanti ni la wataalamu wa Ulaya, lililoanza kuenea baada ya dola hiyo kuanguka katika mwaka 1453.

Heraclius alizaliwa yapata mwaka 575. Baba yake, mwenye jina hilo hilo, alikuwa liwali wa Kaisari katika Afrika ya Kaskazini, na makao yake yalikuwa Carthage. Katika mwaka 608 baba huyo alimwasi Phocas, aliyekuwa amenyakua kiti cha enzi mwaka 602. Kazi waligawana jamaa: Nicetas, mtoto wa amu yake Heraclius, aliishika Misri, naye Heraclius mwenyewe akaenda na merikebu hadi Constantinople. Tarehe 5 Oktoba 610 Phocas aliuawa, na siku iyo hiyo Heraclius akavikwa taji na kumwoa mchumba wake Fabia, ambaye akapewa jina la Eudocia. Basi tangu mwanzo utawala huu ulikuwa kazi ya ukoo mmoja.

Eudocia alimzalia binti katika 611 na mwana, Constantine, katika 612. Na katika mwaka huo huo wa 612 alifariki kwa ugonjwa wa kifafa. Baadaye Kaisari alimwoa Martina, binti wa dada yake Maria. Hapa Kiswahili chatusaidia kuliona jambo waziwazi: Heraclius alikuwa mjomba wake Martina, na Martina mpwa wake. Kwa sheria ya Kanisa na ya dola ndoa hiyo ilikuwa haramu, kama ilivyo haramu kwa Waislamu pia, maana mjomba ni maharimu. Patriaki Sergius alipinga, lakini Kaisari hakubadili nia. Watoto wao walikuwa wengi, na baadhi yao wakafa wangali wadogo. Nicephorus, mwandishi wa tarikhi aliyekuwa Patriaki katika karne ya 9, asimulia kwamba mmoja hakuweza kuigeuza shingo yake na mwingine alikuwa kiziwi. Watu wa mji waliyaona hayo kuwa adhabu ya Mungu.

Walakini Martina hakuwa mke wa kukaa ndani. Alifuatana na mumewe vitani, na mwana wao Heraclonas alizaliwa safarini katika 626. Vita hivyo vilikuwa vya kufa na kupona. Waajemi walikuwa wameutwaa mji wa Yerusalemu katika 614 na kuuchukua msalaba ulioaminiwa kuwa ndio aliosulubiwa Yesu. Baadaye wakaitwaa Misri. Kuanzia 622 Heraclius aliongoza jeshi mwenyewe, jambo ambalo Makaisari waliomtangulia walikuwa wameliacha kwa muda mrefu. Alishinda karibu na Ninawi mwezi wa Desemba 627, mfalme Khosrow wa Pili akapinduliwa na kuuawa katika 628, na msalaba ukarudishwa Yerusalemu katika 630.

Mwaka huo wa 630 ndio wa safari ya Tabuk, ambako utendi umechukua jina lake. Tarikhi yatuambia kwamba Mtume Muhammad alifika Tabuk na jeshi lake, lakini hapakuwa na vita na Warumi. Vita vikubwa vilivyowapokonya Warumi nchi ya Shamu vilikuwa vya Yarmuk, mwaka 636, na Heraclius hakuwapo uwanjani.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya huzuni. Katika 637 mwanawe wa nje ya ndoa, John Athalarichos, alishiriki katika njama ya kumpindua. Akakatwa pua na mikono. Heraclius alifariki tarehe 11 Februari 641, akiwa ameusia kwamba Constantine na Heraclonas watawale pamoja, na Martina aheshimiwe na wote wawili kama mama. Wasia huo ulikusudia kupatanisha matumbo mawili, nao haukufaulu. Constantine alikufa baada ya miezi michache kwa maradhi, na watu wakamshuku Martina kuwa amempa sumu. Kabla ya mwaka kwisha Martina alikatwa ulimi na Heraclonas pua, wakahamishiwa kisiwa cha Rhodes. Kiti kikamwendea Constans, mwana wa Constantine, aliyekuwa na umri wa miaka 11 hivi, wakati uo huo Misri ikitoka mikononi mwa Warumi.

Je, yampasa mhariri wa utendi aisahihishe kazi ya Mwengo kwa tarikhi hii? La, hasha. Mshairi hakuandika habari za Makaisari. Alitunga kisa cha imani na ushujaa, na katika kisa hicho Herekali ni nguvu yote ya Rumi iliyokusanywa katika mtu mmoja. Ila mhariri asiyemjua Heraclius hawezi kutambua ni wapi mshairi amefuata mapokeo na ni wapi amejenga mwenyewe. Vita vya Tabuk ni mfano ulio dhahiri. Yampasa basi kuwajua wote wawili, na kila mmoja kumweka mahali pake.