Soko Lisilo na Kelele

Ukitazama sini ya soko kwenye filamu, masikio yanajaa. Wachuuzi wananadi nyanya, kondakta anaita abiria, mtoto analia mahali fulani nyuma ya vibanda. Lakini siku sini ile ilipopigwa, soko lilikuwa kimya kama msikiti usiku wa manane. Muuza nyanya alikuwa akifungua na kufunga mdomo tu. Mteja alikataa bei kwa mikono. Kijana alipopishana na mzee aliinamisha kichwa akatamka "shikamoo" isiyo na sauti, na mzee akamrudishia "marahaba" ya midomo mitupu. Wenye ruhusa ya kusikika walikuwa wawili, wale ambao majina yao yatakaa kwenye bango.

Waliobaki wote ndio ekstra. Wengi hudhani kazi yao ni kusimama tu na kujaza nafasi. Mimi nikiulizwa, huanza kuieleza kwa ukimya huo, maana humo ndimo ugumu wake ulimojificha.

Filamu haipigwi mara moja ikaisha. Mazungumzo ya dakika mbili huweza kula nusu siku: kwanza kamera inachukua soko zima, kisha inasogea usoni kwa mwanamke, kisha taa zinahamishwa ili ichukue uso wa mwanamume, na kila hatua inarudiwa mara tano, mara kumi. Baadaye mhariri huchukua sentensi iliyosemwa vizuri mara ya tatu na kuiunga na jibu lililosemwa vizuri mara ya saba. Kama nyuma ya ile ya tatu kuna mtu ananadi samaki, na nyuma ya ile ya saba kuna honi ya bodaboda, kiungo kitasikika kama sufuria iliyoanguka. Kwa hiyo maneno ya wahusika hunaswa yakiwa peke yake, na kelele za soko huongezwa baadaye kwa kiasi anachotaka mhariri.

Sini za dansi ndizo za ajabu zaidi. Muziki hupigwa kwa sekunde chache ili watu washike mdundo, kisha huzimwa, na ukumbi mzima unaendelea kucheza kimyakimya, mara nyingi viatu vikiwa vimebandikwa kitu laini chini. Ukiona watu mia wakicheza rumba hewa, huku kinachosikika ni viatu tu vikikwaruza sakafu, hutacheka. Utadhani umeingia kwenye ndoto ya mtu.

Kuna ugumu wa pili, ambao mafundi huuita mwendelezo. Ekstra hupewa kijia chake: ukisikia neno fulani, toka kwenye nguzo, pita nyuma ya meza ya vitunguu, ingia mlangoni. Kikapu kiko mkono wa kushoto. Basi kitakuwa mkono wa kushoto saa mbili asubuhi, na kitakuwa mkono wa kushoto saa nane mchana wakati jua linachoma na tumbo linadai. Kikihamia kulia, kwenye filamu kitaruka chenyewe kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Ekstra mzuri huhesabu hatua na kukumbuka alikuwa wapi neno lipi liliposemwa. Kijia chenyewe mara nyingi hupinda kama ndizi, kwa sababu mtu akikata moja kwa moja anaweza kumziba mhusika mkuu. Tena ekstra huanza kutembea kabla ya wahusika kuanza kusema, ili kinywa cha nyota kinapofunguka mtaa uwe tayari unaishi.

Hata nguo zina masharti. Nyeupe pepe na nyekundu kali huvuta jicho, mistari myembamba hutetemeka kwenye kamera, na nembo za makampuni huleta matatizo ya ruhusa. Kwetu ningeongeza kanga. Mtu wa mavazi asiyejua Kiswahili atamfunga mama mmoja kanga yenye fumbo la ukewenza, amweke nyuma ya bibi harusi, na ukumbi wa sinema wa Mombasa au Tanga utaangua kicheko pale mwongozaji alipotaka machozi.

Ukimya ule wa ekstra una bei pia. Katika mikataba ya chama cha waigizaji cha Marekani, ekstra akipewa neno la kusema mbele ya kamera, hata moja, hupanda daraja na kulipwa kama mwigizaji mwenye nafasi. Ndiyo maana wasaidizi wa mwongozaji huwa waangalifu sana: watakuomba utikise kichwa, watakuomba ushtuke, lakini kukuomba useme "ndiyo" ni jambo la kuingizwa kwenye hesabu.

Haki hizo hazikudondoka kutoka mbinguni. Katika Hollywood ya zamani watu walijipanga alfajiri kwenye mageti ya studio wakisubiri kuchaguliwa, na mawakala waliwakata ada hata kabla hawajapata kazi. Malalamiko yalipozidi, mwaka 1925 studio zilianzisha Central Casting, ofisi moja ya kuita ekstra wote bila kuwatoza. Kanuni ile bado inafaa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam: anayekudai pesa ya fomu ili akuweke kwenye filamu hana filamu.

Idadi nayo ina hadithi zake. Sini ya mazishi katika Gandhi, filamu ya Richard Attenborough ya mwaka 1982, ilipigwa Delhi tarehe 31 Januari 1981, siku ile ile mazishi ya kweli yalipotimiza miaka 33. Walikusanyika watu wapatao 300,000, wengi wao wakiwa wamejitolea, mbele ya kamera 11. Kilichobaki kwenye filamu ni kama dakika mbili. Umati wa namna hiyo hauitwi tena. Kwa Seabiscuit, ya mwaka 2003, viti vya uwanja wa mbio za farasi vilijazwa masanamu ya kupuliziwa hewa, yakavalishwa nguo na kuchanganywa na watu halisi. Siku hizi kompyuta hufanya hata bila puto. Na waigizaji wa Marekani walipogoma mwaka 2023, kuanzia Julai hadi Novemba, ugomvi mmojawapo ulikuwa huu: ekstra akishapigwa picha ya mwili mzima na kompyuta, nani anamiliki sura yake kesho? Mkataba uliomaliza mgomo ulidai aombwe ridhaa kwanza. Naona ulichelewa kidogo, lakini ni bora kuliko bure.

Kuna kitu ambacho puto na kompyuta hazijakiweza vizuri, nacho kinaonekana ukitazama The Constant Gardener ya mwaka 2005, iliyopigwa Kibera na Loiyangalani, au Queen of Katwe ya mwaka 2016, iliyopigwa Katwe kwenyewe. Mtu aliyezaliwa mtaa ule anaruka mfereji bila kuutazama. Anajua ndoo ya maji ikijaa bega linashuka kiasi gani. Mwongozaji akijaribu kumfundisha anamharibu. Kazi inayobaki ni moja, nayo si ndogo: kumzuia asiitazame kamera, na asimsalimie shangazi yake aliyepita na kikapu kwa mara ya tisa.

Halafu, jioni, mwanga ukishaisha na nyota wameshapelekwa hotelini, fundi sauti huomba dakika moja ya ziada. Kamera zimefunikwa. Anaweka maikrofoni katikati ya soko, anawataka wote wafanye waliyokuwa wakiyafanya tangu asubuhi, ila sasa kwa sauti. Anashusha mkono. Muuza nyanya aliyefunga koo kwa saa kumi na mbili nzima anaachia, kondakta anaita Kariakoo na Posta kwa pamoja, mteja anatukana bei, na yule kijana anampigia mzee shikamoo inayosikika hadi barabarani.