DARAJA LILILOVISHWA MAWE

Katika mbuga ya kitaifa ya Yosemite, jimbo la California, Marekani, kuna daraja liitwalo Sugar Pine, lililojengwa mwaka 1928 juu ya Mto Merced. Ukiliona utadhani ni mawe matupu. Kumbe sivyo! Kinachobeba uzito ni zege iliyotiwa vyuma. Mawe ni vazi tu, ili daraja lifanane na majabali ya pale.

Lakini uzuri huo una taabu. Daraja hubana mto, nao mto hula kingo zake. Mwaka 2013 ilipendekezwa libomolewe. Wapenda historia wakapinga, na mpango wa 2014 ukaliacha. Wahenga walinena, maji hufuata mkondo. Mimi naona mto ndio uliotangulia. Basi daraja limpishe mwenyeji.