Kayamba si la mganga peke yake

Ukisikia sauti kama mvua inayopita juu ya makuti, jua kayamba limeshikwa. Wengine hulipenda. Wengine huliogopa, wakisema kuliweka nyumbani ni kukaribisha pepo. Leo tulieleze.

Kayamba ni kisanduku bapa cha matete chenye mbegu ndani, hushikwa kwa mikono miwili na kutikiswa. Huku kwetu hupigwa sana na Wadigo wa Tanga, Muheza na Mkinga, na ndugu zao wa Kwale, Kenya.

Fundi hukata matete yaliyokomaa, huyakausha, kisha huyashona kwa kamba yawe kama vijamvi viwili. Katikati huweka vijiti vya kuacha nafasi, humimina mbegu, halafu hufunga kingo. Usione ni kazi nyepesi. Tete bichi likija kukauka husinyaa, mwanya hufunguka na mbegu humwagika. Mbegu zikizidi hazitembei. Zikipungua, sauti hufifia. Kipimo kimo mkononi na sikioni mwa fundi.

Mbegu moja inayotumika ni tipitipi, ile nyekundu yenye doa jeusi, ambayo wengine huiita turituri. Tahadhari: ina sumu kali ikitafunwa au kupondwa. Kayamba likipasuka, okota mbegu zote kabla watoto hawajazichezea. Mtoto akizitafuna, mwahishe hospitali hata kama bado anaonekana mzima.

Je, kayamba ni la pepo? Ni kweli hutumika katika ngoma za uganga. Lakini hulia pia kwenye sherehe, na hata katika kwaya za kanisani, sambamba na manyanga, yale ya vibuyu vyenye mpini wa mti. Chombo ni kile kile; kinachobadilika ni shughuli.

Tena limesafiri mbali. Katika kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagaska, kuna ala inayoitwa kayamb, iliyoundwa kwa vikonyo vya maua ya miwa na kujazwa mbegu. Ndiyo inayobeba mdundo wa maloya, muziki ulioanzishwa na watumwa kutoka Madagaska na Afrika katika mashamba ya miwa. Mwaka 2009 UNESCO iliuingiza maloya katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Wenzetu wanajivunia mlio ambao sisi tunauficha uvunguni.

Hofu hiyo anayeilipia ni fundi. Asiponunuliwa kazi yake, kijana wake hatakaa kujifunza, na kipimo kile kitazikwa naye. Kama kijijini kwako yupo mzee anayeshona makayamba, nenda ukamsalimie. Akikuruhusu, mrekodi kwa simu yako tangu anapochagua tete hadi anapofunga ukingo wa mwisho. Na ukiweza, nunua moja.