Fedha za shule, hati ya mshahara na mafunzo: habari zinazoishia mezani kwa mwalimu mkuu

Makala ya pili kati ya tatu

Wiki iliyopita tuliishia ofisini kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, pale bajeti ya elimu inapokusanywa kabla ya kupelekwa TAMISEMI. Leo tushuke hadi shuleni. Ninayemlenga ni mwalimu wa kawaida, ambaye si mwalimu mkuu, si mtaaluma wala Afisa Elimu Kata. Ninadai kwamba mwalimu huyu anapaswa kuzijua fedha za shule yake, makato ya mshahara wake na ratiba ya mafunzo yake mapema kama wanavyozijua wakubwa zake. Akifichwa moja, hayo mengine mawili nayo huharibika.

Elimu bila malipo ilitangazwa kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 na kuanza kutekelezwa Januari 2016. Ada ikaondolewa na ruzuku ya uendeshaji ikawekwa: shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari. Katika zile 10,000 za msingi, 4,000 zilitengwa ngazi ya taifa kwa ajili ya vitabu, na 6,000 zikawa zinaingia moja kwa moja katika akaunti ya shule. Hatua hiyo ya kuipa shule fedha mkononi ilikuwa kubwa, na naiheshimu. Zamani fedha zilipitia halmashauri, na njiani zilipungua au zilichelewa.

Lakini tuzihesabu. Shule yenye wanafunzi 600 hupata 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Humo zimo chaki, daftari za maandalio, mipira, bawaba za milango, na nauli ya mwalimu mkuu anapoitwa wilayani. Mitihani nayo imo. Kila mtoto akipewa karatasi mbili tu kwa kila somo, na masomo yakiwa sita, mtihani mmoja unakula karatasi 7,200. Hizo ni rimu 14 na ushei, na wino bado haujanunuliwa. Shule inayotaka kupima watoto wake kila mwezi haina budi kuchagua kati ya mtihani na mlango wa choo.

Wazee wa kazi wanaikumbuka namba hiyo ya 10,000. Ilitoka kwenye MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi ulioanza mwaka 2002, ambao ulimkadiria mwanafunzi mmoja dola 10 kwa mwaka. Wakati huo dola moja ilikuwa chini kidogo ya shilingi 1,000. Mwaka 2016, elimu bila malipo ilipoanza, dola ilikuwa imepita shilingi 2,000, na kiwango kikabaki kile kile. Mwalimu mkuu anayelalamika kwamba fedha hazitoshi hatafuti kisingizio. Shilingi yake imepoteza nguvu na idadi ya watoto wake imeongezeka.

Sasa, mambo haya yakibaki kichwani mwa mwalimu mkuu peke yake, kinachofuata ofisi ya walimu inakijua vizuri. Taarifa ya benki inaonyesha fedha zimeingia, mtu mmoja anasikia, mwingine anaongeza, na kufikia chai ya saa nne shule nzima inaamini kuwa mwalimu mkuu amejengea nyumba yake. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba zililipwa rimu na fundi. Utaratibu unataka mapato na matumizi ya shule yabandikwe kwenye ubao wa matangazo. Nimeona shule ambako karatasi hiyo ipo kweli: tarehe ya kuingia kwa fedha, kiasi, mafungu, kilichotumika, salio, na saini ya mwenyekiti wa Kamati ya Shule chini yake. Ni karatasi moja tu. Katika shule ya namna hiyo walimu hubishana kuhusu kipaumbele, na hayo ndiyo mabishano yenye faida.

Kuna jambo la kalenda ambalo walimu wengi hawaambiwi. Mwaka wa fedha huanza Julai mosi, kwa hiyo watu hudhani Julai ndio wakati wa kuomba. Mwezi huo huwa wamechelewa sana. Mipango ya shule hukusanywa miezi mingi kabla, halmashauri huingiza makadirio yake kwenye mfumo wa PlanRep, baraza la madiwani hupitisha, na ifikapo Aprili Bunge linakuwa limeanza kujadili. Mwalimu anayetaka fungu la mafunzo, kabati la vitabu au matengenezo ya nyumba ya mwalimu aseme mwezi wa kumi na wa kumi na moja, wakati mpango wa shule ukiandikwa. Kikao cha wafanyakazi cha miezi hiyo ndicho chenye uzito kuliko vyote vya mwaka, na ndicho kinachohudhuriwa kwa uvivu kuliko vyote.

Niingie kwenye hali za walimu, na hapa nitakaa kidogo.

Ukitaka kujua hali ya mwalimu, acha hotuba, soma hati yake ya mshahara. Chukua mwalimu mwenye mshahara ghafi wa shilingi 900,000, aliyesoma kwa mkopo wa serikali na aliye mwanachama wa Chama cha Walimu (CWT). Mfuko wa PSSSF unakata asilimia 5, Bima ya Afya asilimia 3, Bodi ya Mikopo asilimia 15, chama asilimia 2. Jumla ni robo ya mshahara, shilingi 225,000. Kodi ya mapato inachukua zaidi kidogo ya 90,000. Zinabaki kama 583,000, na hapo hajagusa benki. Utaratibu wa utumishi unataka theluthi moja ya mshahara ibaki mkononi mwa mtumishi, yaani 300,000 kwa mwalimu wetu. Benki inalijua hilo na inamkopesha mpaka afike pale pale kwenye mstari. Ada ya mtoto, matibabu ya mzazi na kodi ya nyumba vyote vinaisubiri theluthi hiyo.

Ndipo inapoingia ile mikopo inayoitwa kausha damu. Mkopeshaji wa mtaani haangalii theluthi. Anachukua kadi ya benki ya mwalimu pamoja na namba ya siri, na mwisho wa mwezi anakwenda kutoa fedha mwenyewe. Theluthi iliyolindwa na utaratibu inaishia kwake. Tunayo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayowataka wakopeshaji kuwa na leseni na kusimamiwa, lakini mwalimu aliyeko kata ya mbali hajui pa kushtakia, na anaona aibu. Mtu aliyekabidhi kadi yake ya benki kwa mtu mwingine anafundisha akiwa na mawazo, na watoto wanaliona hilo kabla ya mkaguzi. Kwangu mimi, somo la kusoma hati ya mshahara na mkataba wa mkopo lingetolewa kwa kila mwalimu mpya wiki anayoripoti.

Habari mbovu zinaumiza hata pale serikali inapotoa. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba kima cha chini cha mshahara kimeongezwa kwa asilimia 23.3. Wengi walisikia asilimia na hawakusikia maneno “kima cha chini”. Julai hati za mshahara zilipotoka, walimu wa madaraja ya kati walikuta nyongeza ndogo sana, na hasira ilizagaa nchi nzima. Mwaka 2025, siku ya Mei Mosi, ikatangazwa nyongeza ya asilimia 35.1, kima cha chini kikipanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Mara hii pia asilimia ilikuwa ya ngazi ya chini. Afisa Utumishi akiandika nusu ukurasa unaoonyesha kila daraja litapata nini, na Afisa Elimu Kata akausoma katika kila shule kabla ya Julai, uchungu mwingi ungeepukwa. Kazi hiyo haihitaji bajeti.

Vivyo hivyo kwa stahili. Mtumishi ana haki ya nauli ya likizo kila baada ya miaka miwili. Anayehamishwa na mwajiri hulipwa gharama za uhamisho, lakini anayeomba mwenyewe hujigharamia. Walimu vijana wengi hawaijui tofauti hiyo mpaka mizigo iko juu ya lori. Maombi ya likizo na uhamisho sasa hufanyika kwenye mfumo wa ESS, na upimaji wa utendaji kwenye PEPMIS, iliyochukua nafasi ya zile fomu za OPRAS. Mifumo hii inapunguza safari za kwenda wilayani, nami naiunga mkono. Penye mtandao dhaifu, hata hivyo, mwalimu huacha kipindi akatafuta sehemu yenye mawimbi. Halmashauri iliyojipanga ingemwelekeza Afisa Elimu Kata kukutana na walimu wa shule jirani mahali penye mtandao, siku moja, wakamalize kazi hiyo pamoja.

Mafunzo nitayapitia kwa upesi zaidi, kwa sababu mwelekeo wake ni mzuri kuliko zamani. Kwa miaka mingi mafunzo kazini yalikuwa safari: wawili wanachaguliwa, wanakwenda chuoni au mjini, wanalipwa posho, wanarudi na makabrasha, na wenzao hawaelezwi kitu. MEWAKA, mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, umeyarudisha mafunzo shuleni. Walimu hukutana katika jumuiya za kujifunza, mmoja wao akaongoza, wakazungumzia mada ngumu ya wiki ile, wakatembeleana madarasani. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka moduli mtandaoni, na vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu kwa kazi kama hiyo.

Tatizo ni saa na tumbo. Vikao hufanyika mchana, baada ya vipindi vyote, na kwa kawaida havina posho. Mwalimu aliyefundisha watoto 80 tangu asubuhi, ambaye hajala na hana nauli ya kurudi, atakaa pale akiangalia saa. Ndiyo maana nilianza na fedha. Chai na mihogo ya kikao cha MEWAKA ni fungu dogo ambalo lingeweza kuandikwa kwenye mpango wa shule mwezi wa kumi na moja, kama walimu wangekuwa wamealikwa kuuandika.

Na haraka ipo. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023, ambayo inaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao kundi la mwisho la darasa la saba nalo linamaliza. Januari 2028 makundi yote mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza. Madarasa, madawati na ruzuku ya mwaka huo vitaamuliwa katika mipango ya 2027/28, inayoandikwa shuleni mwishoni mwa 2026. Mwalimu wa sekondari ambaye hajaelezwa hesabu hiyo aiombe katika kikao kijacho.

Wiki ijayo tutaingia sekondari: mkondo wa amali, karakana zake, na walimu wa ufundi wanaotakiwa kufundisha humo.