Mali Pungufu Katika Vifurushi vya Posta: Nani Adaiwe, na Lini



Hutokea kifurushi kilichongojewa kwa wiki nyingi kikafika, kikafunguliwa mbele ya kamati, na hesabu ikakataa kutimia. Hapo ndipo macho ya wanachama huanza kumgeukia katibu, kwa kuwa ndiye aliyekwenda posta kukichukua na ndiye mwenye ufunguo wa ofisi. Muuzaji yuko nchi ya mbali na hana uso wa kutazamwa. Katibu yuko hapa hapa. Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kuidai mali iliyopungua katika vitu vinavyonunuliwa kwa njia ya intaneti na kuletwa kwa posta, na namna ya kuzuia dai hilo lisigeuke ugomvi baina ya wanachama wenyewe.

Tuchukue mfano wa chama cha kina mama watengenezao sabuni ya mwani, ambacho kimeagiza kutoka China kalibu 24 za kumiminia sabuni. Kifurushi kimefika, na ndani yake zimo kalibu 19. Je, zile tano ziko wapi?

Kabla ya kumtuhumu mtu yeyote, yafaa kwanza kutazama upya taarifa za oda katika simu au kompyuta iliyotumika kuagizia. Maduka ya mtandaoni aghalabu huigawa oda moja katika vifurushi viwili au vitatu, kila kimoja kikiwa na namba yake, na havifiki siku moja. Shauri jingi la kalibu tano huishia hapo, na aibu humbakia yule aliyesema kwa haraka.

Ikiwa kifurushi kilikuwa kimoja tu, hapana budi kujua kama mali ilipungua njiani au haikutiwa ndani tangu mwanzo. Shahidi mkubwa wa jambo hili ni mizani. Kila kifurushi kitokacho nchi za nje hubandikwa fomu ya tamko la forodha, CN 22 au CN 23, ambayo huonyesha vitu vilivyomo, uzito wake na thamani yake. Tuseme kila kalibu ina uzito wa gramu 140, na kwa hiyo 24 pamoja na boksi lake ni kama kilo 3.5. Ikiwa posta ya huko kilikotoka ilipokea kilo 3.5, na dirishani hapa mizani inasoma kilo 2.8, basi mali imetoka njiani, na wa kuulizwa ni posta. Lakini ikiwa kilipokewa huko kikiwa na kilo 2.8 na kimefika vile vile, muuzaji ndiye aliyetia pungufu, na kuibughudhi posta ni kupoteza wakati. Bila ya kupima, kila upande utausukumia upande wa pili, na chama kitakaa katikati.

Kwa sababu hiyo tunasema kwamba dai hili hushindwa au hushindikana pale pale dirishani, kabla ya kutia saini. Mtu akitia saini ya kupokea bila ya kusema neno, huwa amekiri kwamba kifurushi kimefika salama, na taratibu za posta humhesabu hivyo. Basi waende watu wawili, kama tufanyavyo tunapopokea mali ya ghala. Watazame utepe: je, umebandikwa juu ya utepe mwingine? Pembe zimelowa au zimechanika? Ikiwa forodha ilikifungua kwa ukaguzi, jambo ambalo ni haki yake, ipo alama inayoonyesha hivyo? Waombe kipimwe, na ikiwa pana shaka waombe kifunguliwe mbele ya karani na upungufu uandikwe kwa maandishi. Picha za simu zipigwe kabla ya kukata utepe, zikionyesha namba ya kifurushi, na nyengine wakati wa kuhesabu. Boksi lisitupwe mpaka shauri limalizike.

Hapa Mji Mkongwe tuna taabu yetu ya peke yetu. Mleta mizigo hupiga simu akiwa Mkunazini, mwenyewe yuko Fuoni, na kifurushi huachwa dukani au barazani kwa jirani mwema ambaye hutia saini bila ya kujua kilichomo. Jirani huyo hana kosa, lakini saini yake imekwisha kufunga mlango. Chama kiandike anwani ya sanduku lake la posta, na mali ichukuliwe dirishani.

Sasa tuitazame namba yenyewe, maana inaeleza mengi. Namba ya posta ya kimataifa ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi kilikotoka. CN ni China, TZ ni Tanzania. Herufi ya kwanza ikiwa R, kitu hicho kimesajiliwa, au kama tulivyozoea kusema, ni cha rejista. Ikiwa C ni kifurushi cha kawaida cha posta. Ikiwa E ni cha huduma ya haraka ya EMS. Ikiwa U, basi kimeletwa kwa njia nafuu isiyo na ufuatiliaji, na hicho kikipotea posta hailipi fidia. Mnunuzi ana muuzaji wake tu wa kumdai. Namba isiyo na sura hii huenda ni ya msafirishaji binafsi, na sheria za posta hazimhusu. Wanaochagua usafirishaji wa bei ya chini kabisa walijue hilo kabla ya kulipa.

Posta za nchi mbalimbali zimefungamana katika Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mjini Bern mwaka 1874, mwaka mmoja tu kabla ya Posta ya Kihindi kufunguliwa tena hapa Unguja mwaka 1875. Kwa kanuni za Umoja huo, ulizo juu ya kitu kilichopotea au kupungua hupokewa katika muda wa miezi sita tangu siku ya pili baada ya kupelekwa posta, na fomu yake ni CN 08. Lakini wengi hawajui kwamba mwenye haki ya kulipwa fidia, kwa kawaida, ni aliyepeleka, si aliyepelekewa. Chama kikitaka kulipwa chenyewe, kimtake muuzaji aandike kwamba ameiacha haki yake kwa mpokeaji. Tena fidia ya posta ina kikomo, na haizidi thamani ya mali iliyopotea. Baadhi ya wanunuzi humwomba muuzaji aandike bei ndogo katika tamko la forodha ili ushuru upungue. Mbali na kuwa ni kosa kisheria, siku mali inapopotea karatasi hiyo hiyo ndiyo itakayosomwa, na aliyetamka dola tano atapata taabu kudai hamsini.

Kwa hiyo njia iliyo nyepesi, mara nyingi, ni kumdai muuzaji kwanza, kupitia duka la mtandaoni lenyewe. Hapa muda ni mfupi mno kuliko ule wa posta. Kwa mfano eBay hutoa siku 30 baada ya kufika mali, au baada ya siku iliyotazamiwa kufika. Maduka mengine hushikilia fedha za mnunuzi mpaka athibitishe kwamba amepokea. Basi kithibitisho hicho kisibonyezwe kabla ya kuhesabu, hata muuzaji abembeleze vipi. Mazungumzo yote yafanyike ndani ya duka hilo, si kwa WhatsApp, kwani msuluhishi wa duka husoma yale tu yaliyoandikwa kwake. Muuzaji akikataa, aliyelipa kwa kadi anaweza kwenda benki yake na kuomba malipo yapingwe.

Malalamiko dhidi ya huduma ya posta hupelekwa kwanza kwa Shirika la Posta Tanzania lenyewe, na yasipopata ufumbuzi hupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa kuwa posta ni jambo la Muungano. Biashara na muuzaji aliye hapa Zanzibar ni jambo jengine. Huko hushughulika Tume ya Ushindani Halali wa Biashara ya Zanzibar, na kwa muuzaji wa Dar es Salaam ipo Tume ya Ushindani ya Bara.

Limebaki jambo la ndani ya chama, nalo ndilo linalovunja vyama. Chama kisichokuwa na kadi ya benki huagiza kwa kadi ya katibu au ya mshika fedha. Mbele ya duka, basi, mnunuzi ni mtu huyo, dai ni lake, na fedha zikirejeshwa hurudi katika kadi yake, si katika hesabu ya chama. Mtu mwaminifu anaweza kuingia katika tuhuma kwa sababu hii tu. Kamati iandike katika kumbukumbu zake, kabla ya kuagiza, nani atalipa kwa niaba ya chama, kiasi gani, kwa kadi ya nani, na kwamba marejesho yoyote yataingizwa benki kwa stakabadhi. Mali ikifika, iingizwe daftarini kwa idadi iliyoonekana, 19, wala si 24 kwa matumaini ya kukamilishwa baadaye. Zile tano ziandikwe kuwa deni juu ya muuzaji au posta mpaka zilipwe au mkutano uamue kuzifuta. Ikiwa pamoja na hayo bado pana mwanachama anayemshuku katibu, shauri lifikishwe katika kamati, na likishindikana lipelekwe kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika pamoja na picha, fomu ya dirishani, na boksi lenyewe.